Kadi Kwanza, Mayai Baadaye

Ukifika kwake na trei yako tupu, ukabisha hodi na kumwamkia kwa adabu zote, aliitikia marahaba, kisha akanyoosha kiganja. Usidhani alikuwa anadai hela. "Kadi," alisema. Kadi ya kliniki. Kama una sukari, aone kwamba mwezi huu umehudhuria. Kama una presha, hivyohivyo. Kama una mtoto mchanga, ulete kadi yake ya uzito. Muhuri wa mwezi usipoonekana, huuziwi yai la kware hata moja, hata ulie, hata uwe mjumbe wa nyumba kumi. Kadi kwanza, mayai baadaye.

Huyo ndiye Mwalimu wangu wa Kimu, na mimi ndiye niliyemdanganya. Nilimdanganya mara moja tu, kwa kadi ya mtu mwingine, na baba yangu mzazi akapoteza mguu. Kwa hiyo nikimsimulia hapa msitegemee nitatulia kama msoma risala. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mimi juu yangu mimi.

Alinifundisha Sayansi Kimu kwenye sekondari ya kutwa hapa Morogoro mjini: mapishi, ushonaji, lishe. Kwenye mapishi nilikuwa wa mwisho darasani, niliwahi kuunguza maji. Msicheke, sufuria ilikauka mpaka ikatoboka. Kwenye kushona nilikuwa wa kwanza, na mpaka leo cherehani ndiyo inayonilisha. Siku moja akaninyanyua mbele ya darasa zima akasema, "Mtazameni huyu. Mikono yake ina akili, kichwa bado kiko njiani." Nililia mpaka kengele ya kutoka. Kesho yake akaniletea kitambaa chake mwenyewe, kipya, akaniambia nimshonee gauni. Mtoto wa kidato cha pili, nishone gauni la mwalimu! Alitaka lenye mifuko miwili mikubwa mbele.

Tangu siku hiyo mpaka anastaafu, magauni yake yote nilishona mimi, na yote yana mifuko miwili mikubwa. Shuleni mifuko ilibeba chaki, ufunguo wa stoo na kijiko cha kuonjea. Alipostaafu na kuanza kufuga kware nyumbani kwake, mifuko ikabeba mayai yaliyofungwa kwa pamba. Angekutana nawe njiani, akakuona umembeba mtoto mwenye nywele zimekuwa nyekundu na mashavu yamevimba, angekusimamisha, angekuuliza kadi, angeitazama, halafu angeingiza mkono mfukoni. "Matatu leo, ya kuchemsha. Kesho njoo nyumbani." Hao hawakulipa. Lakini kadi, hata wao, ilikuwa lazima.

Walio wadogo sasa hawataamini jinsi tulivyopagawa na kware miaka ile. Wallahi Morogoro nzima, mji wetu kasoro bahari, ilikuwa inakunywa mayai mabichi. Mtu aliyeshindwa kufuga hata kuku mmoja alikuwa na vizimba uani. Ofisini, sokoni, msikitini baada ya swala, kanisani baada ya misa, habari ilikuwa hiyo moja: kware, kware, kware. Na kulikuwa na ile karatasi ya fotokopi. Sijui ilianzia wapi, ila kila nyumba ilikuwa nayo. Upande wa kushoto magonjwa, upande wa kulia idadi ya mayai. Sukari mayai kadhaa, pumu kadhaa, presha kadhaa, nguvu za kiume ndiyo usiseme. Unayanywa mabichi alfajiri, tumbo tupu, mpaka dozi iishe.

Karatasi hiyo ilipomfikia Mwalimu, aliketi mezani, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Alisahihisha mstari kwa mstari. Pembeni ya sukari akaandika: "Nani kathibitisha?" Pembeni ya pumu: "Uongo." Pembeni ya nguvu za kiume akaandika, "Waulizeni wake zao." Chini kabisa akatafuta jina la mwandishi, hakuliona, akaweka sifuri kubwa na kuizungushia duara. Akaibandika kwenye mlango wa banda lake, mteja aisome kabla hajaingia.

Sasa muone ukaidi wake. Banda lake ndilo lilikuwa kubwa mtaani kwetu, na kibali cha kufuga alikiweka kwenye fremu ukutani mahali ambapo wenzake huweka picha ya harusi. Alikuwa anauza mayai ya kware, na alikuwa anawafukuza wanaoyataka kama dawa. "Yai ni chakula," alisema. "Lina protini, lina madini ya chuma, lina vitamini. Mtoto atanenepa, mama atapata damu. Lakini sukari haijui kware ni nani." Ukimwambia unataka unywe mabichi, alikunyang'anya trei mkononi. Ukimwambia huumwi, unataka kula tu, alikuuliza utampikia nani na utayapika vipi. Ukijikanyaga kwenye maelezo, alikuwekea sufuria jikoni kwake akakufundisha: maji ya moto, chumvi kidogo, uyatoe kwenye moto mapema, uyamwagie maji ya baridi, halafu uyaviringishe moja moja chini ya kiganja mpaka ganda lote lipasuke nyufa, hapo linabanduka lenyewe. Watu waliokuja kununua mayai walikuwa wanaondoka wamechelewa kazini.

Na ile homa ilipopita, watu wakaanza kuwacheka kware na waliowafuga, ungedhani atasema "niliwaambia". Thubutu! Aligombana nao vilevile. Jirani mmoja akasema kwa dharau kwamba mayai yenyewe madogo kama kokwa, hayana faida yoyote, na Mwalimu akamfuata mpaka kibarazani kwake kumfundisha makundi ya vyakula. Alikuwa anapigana pande zote mbili. Nilimwambia, "Mwalimu, si uchague upande mmoja upumzike?" Akaniambia, "Mimi sina upande, mimi nina somo."

Alikuwa na mengine ya ajabu. Alituhubiria sukari ni adui, na chai yake yeye ilikuwa vijiko vitatu, akikoroga akitazama pembeni kana kwamba mkono si wake. Alifundisha mapishi miaka yote ile na chakula chake hakikuwa na ladha, jamani, tuseme ukweli; kilikuwa na kila kitu kilichoandikwa ubaoni isipokuwa utamu. Kware wenyewe hakuwapenda, alisema wanamtazama vibaya. Lakini aliwajua. Kila jike la kware huweka madoadoa yake kwenye yai, wengine makubwa ya kahawia, wengine vinyunyu vidogo, na hayabadiliki kesho wala keshokutwa. Mwalimu aliokota yai kwenye pumba, akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Hili la yule mkorofi wa kizimba cha chini. Na hili la yule mgonjwa, madoa yake yamepauka, leo nimtazame." Mtu anayemtambua ndege kwa doa la yai, mimi niliamini nitamficha jina la mtu kwenye kadi.

Orodha ya wateja wake ilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Si daftari la kawaida, ni lile lenyewe la shule, refu, lenye vijumba vya tarehe. Aliandika jina la mgonjwa, na kila alipoona muhuri wa kliniki kwenye kadi aliweka alama ya vema. Asiyehudhuria alipata mkasi, ile alama ya kukosa. Wazee wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanasimama mlangoni kwake wakijieleza kwa nini mwezi huu wana mkasi.

Basi sisi watu wa mtaani, kwa ujanja wetu ule, badala ya kwenda kliniki tukaanza kuazimana kadi. Kweli kabisa. Kama mtu anavyoazima chujio au pasi ya mkaa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakukosa kliniki hata siku moja, na kadi yake ilizunguka mtaa mzima mpaka ikachakaa pembe. Aliyeiazima alimrudishia na mayai manne ya shukrani. Mwisho bibi mwenyewe akafika kliniki hana kadi, kadi iko kwa watu, nesi akamgombeza. Tulicheka sana kuhusu hilo. Niliicheka hadithi hiyo nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, na Baba amekaa pembeni yangu akicheka pia.

Baba alikuwa mstaafu wa kiwandani, mtu wa amri, amezoea kusema mara moja. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alikuwa anameza bila shida, mpaka ile fotokopi ilipoingia nyumbani. Akaisoma mara tatu. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Vidonge basi," akasema. "Nimevimeza miaka yote, nimepona? Naanza kware." Nikamwambia kwamba Mwalimu hauzi kwa asiye na kadi yenye muhuri, na kadi yake ina miezi minne haijaona muhuri. Akanitazama. "Wewe ni mwanafunzi wake. Gauni lake unashona wewe. Utashindwaje?"

Ningeweza kushindwa. Ndilo jambo ninalojiambia kila siku. Ningeweza kurudi nikasema Baba, nimekataliwa, twende kliniki. Lakini Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki, anapanga dozi yake kama mtu anayepanga safari, na mimi nilitaka ile furaha iendelee. Na nikawa nimeanza kuamini kidogo, msinicheke.

Nikaenda kwa mzee wa duka la vitambaa. Ni Muhindi aliyezaliwa hapahapa Morogoro, Kiswahili chake kinazidi changu, na nyuzi zangu zote nanunua kwake. Naye alikuwa na sukari, na kliniki alikwenda kila mwezi bila kukosa. Nikamdanganya hata yeye. Nikasema, "Babu, niazime kadi yako nikamwonyeshe Baba, aone kadi ya mtu anayehudhuria inavyokuwa, labda ataona haya." Akafurahi sana. Akaitoa kwenye droo ikiwa ndani ya bahasha ya nailoni. "Mwambie nadungwa kidole kila mwezi na bado napima vitenge mwenyewe," akasema. "Mwambie aje tufuatane."

Nilikwenda kwa Mwalimu na ile kadi mchana, saa ambayo hakuna wateja wengi. Kidole changu gumba nilikuwa nimekiweka juu ya jina tangu naingia getini. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha kiganja. Sikumkabidhi. Nikamwonyesha tu, nimeishika.

"Mbona huiachii?"

"Mikono yangu ina mafuta ya cherehani, Mwalimu. Nisije nikakuchafua."

Akainama. Akatazama muhuri wa mwezi ule. Akatazama kidole changu. Halafu akafungua daftari, akashuka na kalamu mpaka kwenye jina la Baba, akaweka vema.

"Umpikie," akasema. "Usimpe mabichi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilitoka na trei mbili, nikitembea haraka, moyo unanidunda kwa ushindi. Ushindi! Mpumbavu mkubwa mimi. Baba aliyanywa mabichi, kila alfajiri, ndani ya glasi, na nilimpasulia mimi mwenyewe. Wiki za mwanzo alijisifu ana nguvu. Halafu kandambili ikamchubua kati ya vidole vya mguu, kidonda kidogo, cha kupaka dawa na kusahau. Hakikufunga. Kikanuka. Yeye akaongeza mayai. Nilipompeleka hospitali kwa nguvu, nimekodi bajaji na kumbeba mgongoni mpaka kwenye kiti, daktari alikifunua kitambaa nilichofungia kidonda, akanitazama, na nikajua. Walimkata chini ya goti.

Sasa hapa ndipo wengi mtaani wanapomkumbuka Mwalimu kwa wema. Alikuja wodini kila siku, nasema kila siku, na hotipoti: dona, mchicha, samaki wa kuchemsha, na yai la kuku moja. Baba akiwa na maumivu yale bado alipata nguvu ya kulalamika. "Mwalimu, hiki chakula kimemkosea nini mpishi?" Mwalimu alimjazia kijiko kingine. Akimaliza kumlisha alitoa vidonge na kumhoji kama mtoto wa darasa la kwanza. "Asubuhi vingapi? Jioni vingapi? Kabla ya kula au baada?" Na Baba yangu, aliyezoea kuamrisha watu kiwandani, alijibu, na akikosea alirudia. Alipotoka hospitali aliyajua yote kwa moyo. Mpaka leo anayajua.

Mimi Mwalimu hakuniuliza chochote kuhusu mayai. Hata siku moja. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hajui, nikawa nampisha mlangoni bila kumtazama usoni. Na haukupita muda akauza vizimba, kware akawagawa kwa watu, akafungasha vitu vyake na kuhamia Kinole, kule milimani, kwenye shamba la upande wa mama yake. Mtaani walisema biashara imemfia kama ilivyowafia wengine. Nami nikasema hivyohivyo. Nilimshonea gauni la kuondokea, lenye mifuko miwili, nikalituma kwa mtu.

Miaka imepita. Baba yu hai. Anatembea na magongo, kliniki ndiyo dini yake ya pili, anafuatana na mzee wa duka la vitambaa, wanakaa benchi moja wakidungwa vidole na kugombana kuhusu mpira. Mwaka huu mama mmoja anayeleta ndizi na mdalasini kutoka Kinole aliniambia, "Yule Mwalimu wenu kaanza tena vile vindege vyake." Nikamwambia Baba. Akasema, "Nesi wa lishe alisema naweza kula mayai mawili matatu kwa wiki, ya kuchemsha. Nenda kaniletee ya Mwalimu. Na umwambie bado nipo." Akanipa kadi yake niende nayo, bila mimi kuomba. Anaijua sheria.

Nikasema safari hii nasema. Nilijiapiza. Barabara ya Matombo yote nilikuwa narudia maneno, na juu ya bodaboda ya kupandia Kinole, mlima unakata kona na mimi nimefumba macho, nilikuwa nasema kwa sauti mpaka dereva akaniuliza, "Dada, unasali?" Nikamwambia ndiyo, endesha polepole.

Nyumba yake iko kwenye mteremko, migomba nyuma, vizimba vya mbao chini ya upenu. Nje kulikuwa na kina mama watano na watoto mgongoni, kila mmoja ameshika kadi ya uzito. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimwona amezeeka kweli, macho yamefifia, kadi anaisoma ikiwa karibu na pua. Amevaa lile gauni langu la kuondokea. Mifuko imetiwa viraka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi fundi."

Akatabasamu. "Mikono yenye akili. Kichwa kimefika?"

"Kimefika, Mwalimu. Kimechelewa."

Kina mama walipoondoka nikamwambia. Sikuzungusha. Nilisema kadi ile haikuwa ya Baba, ilikuwa ya mzee wa duka la vitambaa, niliziba jina kwa kidole, na mayai hakupikiwa, nilimpa mabichi kwa mkono wangu, na mguu ule umekatwa kwa sababu yangu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kidole chako kilifunika mwanzo wa jina. Mwisho wake ulikuwa nje. Nimenunua vitambaa vya shule kwa yule mzee tangu hujazaliwa, jina lake lipo kwenye kila risiti niliyowahi kuweka faili. Nilimjua kabla hujasema mafuta ya cherehani."

Nikasimama. Ndiyo, mimi mkosaji, nikasimama nimekasirika. "Ulijua, ukaniuzia? Miaka yote hii nimebeba peke yangu, siwezi hata kukutazama usoni, na wewe ulijua?"

"Keti."

"Siketi!"

"Basi simama hivyohivyo, uingie ndani uniletee kilichoko chini ya kitanda."

Lilikuwa ni lile daftari la mahudhurio, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akalifungua kwa vidole, akapapasa mpaka kwenye ukurasa, akanipa nisome. Nililiona jina la Baba. Nililiona lile vema la siku ile. Na chini kabisa ya orodha ya wagonjwa, mahali ambapo hakukuwa na mtu mwingine, ameandika jina lake mwenyewe kwa wino mwekundu, na kwenye kijumba cha tarehe ileile ameweka mkasi.

"Wiki ile homa ya kware ilikuwa imeanza kupoa, watu walikuwa wameacha kuja," akasema. "Mayai yamejaa mpaka juu ya kitanda changu, yanaharibika, ndege wanataka kula. Ukaja wewe na kidole chako. Nikasema leo nifumbe jicho, mara moja tu, na wewe nitakuambia umpikie, utanisikia. Siku hiyo, mwanangu, mwalimu hakuwepo kazini."

Nililia pale. Nililia kuliko siku ile uliponinyanyua mbele ya darasa, kuliko siku ya wodini. Yeye hakulia. Aliniambia nisilowanishe daftari, akalifunga, akalipapasa juu mara mbili. Halafu akajifuta mikono kwenye gauni, akanyoosha kiganja.

"Haya. Kadi."

Nikamkabidhi. Niliiachia yote, bila kidole juu ya jina. Akaileta kwenye pua, akaanza kusoma muhuri kwa muhuri, kidole chake kikitembea. Mwezi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kidole kikasimama.

"Mwezi wa nne alikuwa wapi?"

"Masika, Mwalimu. Mvua."

"Mvua ya huko mjini, penye lami?"

"Nilikuwa na sare za harusi. Watu thelathini. Nilimwambia asubiri nimalize, nikapitisha siku."

Akakunja kadi, akanirudishia. "Basi mayai hakuna. Siku hizi nasoma kadi yote."

"Mwalimu! Nimepanda mlima mzima!"

"Na utaupanda tena. Ulete muhuri wa mwezi huu wa saba, na wa nane juu yake. Ukija nitakupa ya yule mkorofi, anataga makubwa." Akanisukuma begani, taratibu, kunielekeza njia. "Shika njia. Jua linakwenda."

Nilishuka na mfuko mtupu. Nilipofika barabara kubwa, mtandao ukarudi, nikampigia Baba. Akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Umepata?"

"Sijapata, Baba. Ameukuta mwezi wa nne."

Nilisikia gongo lake likigonga sakafu.

"Mwezi wa nne," akasema, "mimi nilikuwa nimeshavaa. Nilikaa kibarazani na kadi mkononi mpaka adhuhuri. Ni wewe uliyesema tusubiri."

"Ni mimi, Baba."

"Kliniki ni Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa na gauni la bibi harusi la kukabidhi. Nilimpigia mwenye gauni palepale, nimesimama kando ya barabara, nikamwambia litachelewa siku moja, akitaka akasirike. Alikasirika. Alhamisi saa moja asubuhi duka langu lilikuwa limefungwa, na mimi na Baba tulikuwa wa tatu kwenye benchi, nyuma ya mzee wa duka la vitambaa.